Mama kit ya 1,250 kutoka Kondele, vile ilitumika usiku wa mafuriko kule Kadibo

Nilimwahidi dada wa pale dukani kwamba nitaandika kuhusu hii mama kit, huu mfuko wa vifaa vya kujifungulia, na nimechelewa mno, mtoto mwenyewe aliyezaliwa usiku huo sahii anatembea akishikilia viti. Lakini wiki jana binti ya shangazi yangu aliniuliza kama ni lazima anunue ama ni kupoteza pesa, nikaanza kumjibu kwa WhatsApp, meseji ya sauti ikafika dakika kumi na moja na bado sijamaliza, nikasema basi wacha niandike mahali wengine pia watasoma.

Nilinunua Aprili 2024 kwa duka dogo la dawa ndani ndani ya Kondele, Kisumu. Bei ilikua 1,250. Inakuja kwa ule mfuko wa kitambaa wa rangi ya bluu, kama hii tunabebea shopping tangu karatasi za plastiki zipigwe marufuku 2017. Ndani nilipata shiti ya plastiki ya kutandika, ile manesi huita makintoshi, kama mita moja kila upande, glavu za upasuaji pea mbili na kila pea kwa pakiti yake, bledi ya upasuaji moja ndani ya foili, vibanio vya kitovu viwili vya plastiki, kipande cha sabuni, pamba ya gramu 400, pakiti moja ya pedi za mama mzazi, vitambaa vya shashi, tyubu ndogo ya jeli ya klorheksidini ya kupaka kitovu, halafu kofia ya mtoto, soksi na shali nyepesi. Na karatasi ya maelezo, hiyo nitarudia juu iko na kesi yake.

Nilivyofika nyumbani Manyatta nikamwaga kila kitu kitandani nikaanza kulinganisha na yale mambo sita ya usafi nilifundishwa kliniki nikiwa na mimba yangu, yale ya Shirika la Afya Duniani: mikono safi, mwili wa mama msafi kule mtoto anapitia, mahali pa kuzalia pasafi, kitu safi cha kukata kitovu, kitu safi cha kukifunga, na kitovu chenyewe kitunzwe kisafi baadaye. Yote sita yalikua na jibu ndani ya ule mfuko. Hapo nikaridhika, nikajua mwenye kuipanga si mtu alikua anajaza mfuko tu.

Mnajua kwa nini nilikua mkali hivyo na kuhesabu? Mimi nilijifungua 2019 kwa hospitali moja ya umma, siitaji jina. Kujifungua kwa hospitali za serikali kulifanywa bure tangu Juni 2013, na wakati wangu ilikua Linda Mama, kadi ninayo, kila kitu sawa. Lakini nikiwa na uchungu, nimekunja mgongo kwa benchi, nesi akaniambia glavu zimeisha na pamba hakuna, mtu wako aende anunue. Mtu wangu alikua kazini Ahero. Ni mama mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu sijawahi kumjua, alitoa glavu zake akanipa. Sijawahi kumsahau na sijui yuko wapi. Simlaumu yule nesi, alikua mmoja na sisi tulikua tisa, hakuna mtu anaweza kutoa glavu kwa kabati tupu. Lakini hiyo hofu ya kuambiwa hakuna wakati mtoto anakuja, haitoki mwilini. Na si mimi pekee. Wale wa huku magharibi mnakumbuka ile kesi ya Bungoma, mama aliyejifungulia sakafuni 2013 na akatukanwa juu yake, mahakama kuu ikaamua 2018 kwamba haki zake zilivunjwa, alipwe milioni 2.5. Kwa hiyo kesi pia lilikuwepo hili jambo la mama kuambiwa anunue vitu ambavyo vilifaa viwe bure. Ndio maana mdogo wangu aliposhika mimba ya pili nilimwambia wewe, mfuko nitakununulia mimi.

Sasa mdogo wangu ameolewa Kadibo, kule chini karibu na ziwa. Mpango ulikua wiki ya thelathini na nane nimtoe huko nimlete kwangu Manyatta akae karibu na hospitali, juu Aprili na Mei kule maji hayana adabu, na mwaka huo wa 2024 ndio yalizidi, Mto Nyando ulivunja kingo watu wakahamia mashuleni. Nilienda Jumamosi kumchukua. Nilibeba na ile kit, sababu ilikua nimwonyeshe tu vile iko ndio aizoee, tungerudi nayo Jumapili asubuhi. Mvua ikaanza saa kumi na moja jioni. Kufika saa tatu usiku barabara ya kutoka kwao hadi lami ilikua mto, na mdogo wangu akaniambia dada, mgongo unauma, na nikamwangalia uso nikajua si mgongo.

Tulipiga simu za boda mpaka zikaisha. Mmoja alijaribu kweli, akafika kwa daraja dogo akarudi, akapiga simu akisema mama samahani maji yananifika kiunoni. Ambulensi ilikua upande ule mwingine wa maji. Mume wa mdogo wangu akatoka na miguu kutafuta mashua. Aliyetufikia ni CHP wa kijiji, yaani mhudumu wa afya ya jamii, alikuja na gambuti na tochi ya kichwa saa sita hivi usiku, na kitu ya kwanza alisema ni kwamba yeye hazalishi, kazi yake ni kupeleka mama hospitali, na kama haiwezekani kupeleka basi atatuunganisha na nesi kwa simu. Na akafanya hivyo, nesi wa zahanati yao alikaa na sisi kwa loudspeaker mpaka asubuhi, Mungu ambariki. Ndani ya nyumba tulikua mimi, CHP, na mama mkwe wa mdogo wangu.

Sasa ndio niseme kuhusu bidhaa yenyewe ikiwa kazini.

Mfuko ulikua chini kando ya mlango, na maji yalikua yameingia kidogo kidogo bila sisi kuona. Nilipouinua ulikua unachuruzika. Hiyo ni kasoro ya kwanza na ni kubwa kwa mtu wa kwetu, mfuko wa kitambaa haukingi maji hata kidogo. Pamba ilikua imeloa nusu, kofia na shali zimeloa kabisa. Lakini glavu, bledi, vibanio na jeli vilikua vimefungwa kila kimoja kivyake, na hapo ndipo nilielewa ile pesa ilienda wapi, juu nilipasua foili ya bledi na ndani ilikua kavu kama siku ilitoka kiwandani. Tulitumia leso zangu mbili safi badala ya shali. Kama ningekua nimenunua vitu vya kulegea legea kwa soko, saa hiyo tungekua na wembe wenye kutu na maji ya mto.

Nesi akasema kwanza mikono, kila mtu, hadi kwenye viwiko, kwa sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa. Kipande cha sabuni ni kidogo mno, size ya kiberiti, tulikua watu watatu na kufika mara ya pili ya kunawa kilikua kimebaki kama jani. Mama mkwe akaleta sabuni yao ya kipande ya kufulia tukaendelea na hiyo. Dada wa duka, kama unasoma, wekeni sabuni nzima, ni pesa kidogo tu hiyo.

Karatasi ya maelezo sasa. Imeandikwa Kiingereza peke yake, maandishi madogo kama ya dawa ya mende, hakuna hata picha moja. Mimi nasoma Kiingereza vizuri lakini mimi ndiye nilikua nimeshika tochi na simu, na aliyekua mbele na mikono safi ni mama mkwe, ambaye anasoma Dholuo vizuri sana, Biblia yake ameimaliza mara nyingi, Kiswahili anasoma polepole, Kiingereza hapana. Kwa hiyo ile karatasi ilikua ya bure kabisa saa ile. Tungekua bila simu, ama chaji iishe, na ilikua imefika asilimia 18, hakuna mtu angetusomea. Kit inatengenezewa nyumba ambazo mambo yameharibika, hakuna stima, hakuna daktari, halafu maelezo yanaandikwa kama ya mtu ameketi ofisini na miwani? Hii ndio iliniuma zaidi ya kila kitu.

Na ilikaribia kutuletea hasara. Mtoto alitoka saa tisa na dakika arobaini usiku, msichana, akalia mwenyewe. CHP akampokea na ile pea ya kwanza ya glavu, akamweka kifuani kwa mama yake, akampangusa na leso akamfunika. Nesi akasema msikate haraka, ngojeni kitovu kiache kupiga, dakika moja hadi tatu hivi. Tulingoja. Halafu kibanio cha kwanza vidole viwili kutoka tumboni, cha pili mbele yake kidogo, kata katikati. Vile vibanio viko sawa kabisa, vinalia tak na havifunguki tena, bledi ilikata mara moja. Wakati huo mama mkwe, kwa kusaidia, alikua amechukua ile tyubu ya jeli ameifungua tayari kumpaka mtoto machoni. Hakukosea bure. Wajukuu wake wengine wote walizaliwa hospitali na aliona wakipakwa dawa ya macho kwa tyubu ndogo vilevile, ile ya tetrasaiklini. CHP alimshika mkono, akamwambia pole pole, Mama, hii ni ya kitovu.

Nilikuja kusoma baadaye nikashtuka. Hii jeli ni ya asilimia 7.1 na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya kosa hilohilo, kwamba katika nchi kadhaa za Afrika watu waliipaka kwa macho wakidhani ni dawa ya macho, na kuna walioumia vibaya hadi kupofuka. Jeli yenyewe ni nzuri kwa kazi yake, inapakwa kitovuni kila siku wiki ya kwanza na inazuia vijidudu kuingia, kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani inasaidia kweli. Lakini tyubu haikua na kitu cha kumwambia mtu asiyesoma Kiingereza kwamba hii usipeleke machoni. Hata picha ya jicho lililopigwa mstari mwekundu ingetosha.

Kuna jambo moja lilinishika usiku huo mpaka leo. Baada ya kupaka kitovu mama mkwe alinyamaza muda mrefu, halafu akasema kwamba wakati wake walikua wanaweka majivu, nyamrerwa, mkunga wa kienyeji, alikua anakata kwa wembe ule ule wa nyumba, anafunga na uzi wa kushonea, anapaka majivu ya jikoni ili kikauke haraka. Na kikikauka wanafurahi. Alisema mtoto wake wa tatu alinyonya vizuri siku tano, ya sita akaacha, mdomo ukakataa kufunguka, ya nane wakamzika. Akasema tuliambiwa ni jicho la watu. Hakulia, aliendelea kukunja leso. CHP akamwambia kwa upole, Mama, hiyo ilikua pepopunda, haikua jicho la mtu na haikua kosa lako. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwa udongo na mavi ya ng'ombe miaka na miaka, vikipata kitovu kibichi vinaingia, ndio maana siku hizi mama anadungwa sindano ya pepopunda akiwa mjamzito na mtoto anazaliwa na kinga tayari. Mwanamke amebeba hiyo lawama karibu miaka arobaini. Kwa hivyo mtu akiniambia kibanio na bledi mpya ni vitu vidogo, mimi nitamwangalia tu.

Narudi kwa kit. Shiti ya makintoshi ilifanya kazi, ikapanguswa na jiki baadaye, lakini ni fupi na ni laini inateleza, mama akisukuma inakunjana chini yake. Tuliweka leso juu ndio ikatulia. Na hakuna njia ya kujua damu imetoka kiasi gani. Nesi kwa simu alikua anauliza kila baada ya muda, pedi ngapi zimeloa, imelowa yote ama nusu, na sisi tunabahatisha juu nyingine ilikua imemwagika pembeni. Kondo la nyuma lilitoka lenyewe, nesi alikua ametukataza kabisa kuvuta kile kitovu. Pedi za kit ni nzuri, ndefu, zinashika vizuri, lakini pakiti moja haitoshi, kufika mchana zilikua zimeisha.

Hili la damu wacha niliongee kidogo sababu ndilo linaua kina mama wengi. Kulipokucha wavuvi walitupitisha kwa mashua mpaka lami, tukapata Probox, tukafika hospitali saa mbili asubuhi. Mdogo wangu alikua sawa, alikua ananyonyesha hata ndani ya mashua. Pale wodini nikaona nesi anamtandikia mama mwingine shiti ya plastiki ambayo mwisho wake iko na mfuko kama wa kangaruu, umechorwa mistari na namba za mililita, damu inateremka humo unasoma moja kwa moja. Nikauliza. Akanieleza kwamba mama akitoka mililita 500 hawangoji tena, wanaanza kila kitu kwa pamoja, kusugua tumbo, dawa, dripu, kumwangalia imetoka wapi. Huo utaratibu ulijaribiwa kwa hospitali 80 hapa Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2023, na visa vya damu kuzidi hadi hatari vilipungua kwa asilimia 60. Sitegemei duka la Kondele liniwekee hiyo shiti kwa 1,250, na hata ungekua nayo nyumbani, dawa utatoa wapi? Oksitosini inakaa kwa friji, digrii 2 hadi 8, na inadungwa na mtu amesomea. Hakuna mfuko wa bluu una friji ndani. Nasema hivi juu nimeshaona watu wanashare picha za hizi kit na kuandika eti sasa hata ukizalia nyumbani hakuna shida. Shida iko. Watoto wachanga hapa kwetu wanakufa 21 kwa kila elfu kabla ya kufikisha mwezi, ni utafiti wa 2022 huo, na uchafu ni sababu moja tu, wengine wanazaliwa kabla ya wakati, wengine wanazaliwa hawapumui, na hiyo glavu haitapumua kwa niaba yake. Sisi tulikua na bahati, mtoto alilia mwenyewe. Kit ni ya kubeba kwenda nayo hospitali, na kama njia itakataa, iwe nawe.

Kuhusu bei watu wataniuliza. Nilipiga hesabu nikinunua kimoja kimoja pale soko la Kibuye na kwa maduka ya dawa ya mjini nikafika kama 1,400 na nauli juu, kwa hivyo 1,250 ilikua bei ya haki. Kuna nyingine nimeona inauzwa 700 kwa kibanda, niliishika nikairudisha. Ndani ilikua na wembe wa kawaida wa kunyolea umefungwa na karatasi ya gazeti, glavu ni zile za kutoa kwa boksi, si za upasuaji, hakuna jeli, na badala ya vibanio wameweka uzi. Uzi safi uliochemshwa si mbaya, hata zile kit za dharura za UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa, huwa na kamba za kufungia, lakini huu ulikua umezungushwa kwa kidole cha muuzaji mbele yangu. Usinunue hiyo. Ukinunua yoyote angalia tarehe ya kuexpire kwa jeli na kwa pakiti ya glavu, bonyeza foili ya bledi uone haina tobo, na uulize vibanio ni vingapi, maana kimoja hakitoshi.

Kama uko kaunti ambayo CHP wanapeana mama kit ama kliniki inapeana ukimaliza kuhudhuria, chukua hiyo kwanza usiharibu pesa. Kakamega walikua na ule mpango wa Imarisha, mama anapewa elfu mbili mbili kila akifika hatua, mpaka inafika 12,000, na binamu yangu wa Butere alinunua vitu vyake vyote na hiyo pesa. Uliza kwa kliniki yako, usione aibu. Na kadi ya SHA, bima ya afya ya serikali, ishughulikie mapema kabla ya uchungu, usiku si wakati wa kutafuta OTP.

Sasa huduma ya duka. Wiki mbili baadaye nilirudi na ule mfuko umekauka una tope, nikaweka kwa kaunta. Nilikua nimejipanga kugombana, sitadanganya. Dada wa pale akaacha kuhudumia akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali, akaandika kwa kitabu. Hakunirudishia pesa na sikuwa nimeomba. Akaniuliza tu, ile karatasi ningetaka iandikwe vipi. Tukakaa na mimi nikamwambia venye CHP alituongoza, yeye akampigia nesi anayemjua athibitishe kila hatua, ikaandikwa Kiswahili upande mmoja na Dholuo upande wa pili, na kijana mmoja wa cyber ya karibu akachora picha. Mwezi Agosti nilipita nikaona mpya. Hatua zimepangwa kwa namba, picha kubwa, mstari wa kwanza unasema piga simu kwa kituo chako cha afya na kuna nafasi ya kuandika namba kwa kalamu kabla ya siku. Tyubu ya jeli sasa inabandikwa stika nyekundu yenye jicho lililokatwa. Sabuni bado ni ndogo. Mfuko bado ni wa kitambaa, anasema wa kuzuia maji utaongeza kama 200 na wateja watakimbia, na namwelewa, biashara ni yake, lakini watu wa Nyando, Kadibo, Budalang'i, nyinyi msikubali hiyo.

Kwa hivyo binti ya shangazi, jibu lako ni nunua. Wako nimeshachukua jana, imepanda iko 1,350. Nimeongeza sabuni nzima, pakiti ya pili ya pedi, leso mbili zilizofuliwa na kupigwa pasi, tochi na betri zake, na vyote nimeviweka kwa ndoo ya lita kumi yenye kifuniko cha kubana. Namba ya nesi wa kliniki yako sijui, hiyo andika wewe mwenyewe kwa ile karatasi ukiipokea. Ndoo inakuja na matatu ya Luanda ya Jumamosi asubuhi, mwambie kijana wako aingoje steji saa nne, na asiiweke chini.